Mnara wa Harlaw

Tulikwenda Uskoti kwa ajili ya akika. Mwana wa dada yetu mkubwa, ambaye ni mhandisi wa mitambo ya mafuta katika Bahari ya Kaskazini, alijaaliwa mtoto wa kike, akatuandikia kwamba ameiakhirisha shughuli hadi wakubwa wake watakapopata viza na nafasi ya kusafiri. Alhamdulillahi viza zikatoka, na katikati ya mwezi wa Julai tukashuka Aberdeen watatu: dada mmoja na ndugu wawili wa kiume, wa baba mmoja na mama mmoja.

Wasomaji wa jarida hili wanaotufahamu wanajua kwamba hao ndugu wawili walikuwa hawajapanda gari moja kwa miaka sita. Wasiotufahamu wanatosheka kujua kwamba iko nyumba katika Mji wa Kale, Mombasa, aliyoiacha marehemu baba yetu, na kwamba mirathi yake haijagawanywa hadi leo. Mmoja wetu aliijenga ghorofa ya juu kwa fedha zake, baba akiwa hai na akiona. Wa pili anasema kwamba ukuta uliosimama juu ya ukuta wa baba ni wa baba. Kila mmoja ana hoja yake, na kila mmoja ana wazee wanaomuunga mkono. Mama yetu anakaa chini, na ngazi ya kwenda juu huipita mlangoni pake. Hatuandiki haya ili tuhukumiwe barazani. Tunayaandika kwa sababu bila ya kuyajua, msomaji hataelewa kwa nini mnara wa mawe katikati ya mashamba ya shayiri ulitunyamazisha kwa muda mrefu vile.

Aberdeen ni mji wa kijivu. Nyumba, makanisa, benki, hata kuta za bustani zimejengwa kwa itale, lile jiwe gumu lililochimbwa huko huko, ambalo jua likilipiga baada ya mvua humeremeta kama chumvi. Kilichotushangaza zaidi ni urefu wa mchana. Magharibi ilikuwa ikiingia inapokaribia saa nne za usiku, nasi tuliozoea jua linalochomoza na kuzama kwa saa moja mwaka mzima tulijikuta tumekaa sebuleni, macho dirishani, tunangoja giza. Maongezi yetu yalikuwa ya mtoto na ya hali ya hewa. Yalipokwisha ya mtoto yalibaki ya hali ya hewa.

Siku ya nne, baada ya shughuli kumalizika kwa salama, mwana wetu alituambia, "Wajomba, kesho sina kazi. Mama naye ajitayarishe. Nitawapeleka mahali." Tulidhani ni ngome, kwa kuwa Waskoti wana ngome nyingi na wageni wote hupelekwa huko, au ufukoni kuwatazama sili. Hatukuuliza. Dada yetu alipanga viti mwenyewe: yule wa ghorofa akae mbele kwa ajili ya magoti yake, yule wa ukuta akae nyuma pamoja naye.

Gari lilishika barabara kuu ya kwenda kaskazini-magharibi, kiasi cha kilomita 25, hadi mji mdogo wa Inverurie, mahali mto Urie unapoingia katika mto Don. Kutoka hapo tukaingia njia nyembamba ya mashambani, ambayo magari mawili yakikutana moja hulazimika kurudi kinyumenyume. Ardhi hupanda polepole kutoka mtoni, kisha hulala sawa juu kama paa. Upande wa magharibi umeukabili mlima Bennachie, na kilele chake kimoja, wanachokiita Mither Tap, kimetokeza kuliko vyote, kiasi kwamba mtu akitazama mara moja hawezi kupotea tena. Kila pembe ni shayiri na malisho. Upepo ulikuwa ukipita juu ya masuke kwa mawimbi, na sisi watu wa pwani tuliyatambua mawimbi hayo, ingawa hayakuwa na maji.

Mnara wenyewe umesimama peke yake. Una pande sita, ni wa mawe, na kimo chake ni kama mita 12. Minara mingi ya misikiti yetu inaupita. Hapana kibanda cha tiketi, hapana duka la vikombe na skafu, hapana mlinzi. Kuna majani, ukimya, na kondoo wanaomtazama mgeni kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kuonyeshwa. Mji wa Aberdeen uliujenga kwa kuadhimisha miaka 500 ya vita vilivyopiganwa hapo tarehe 24 Julai 1411, ambao kwa hesabu yetu ulikuwa mwaka wa 814 wa Hijria. Aliyeuchora ni msanifu majengo William Kelly. Ni kumbukumbu ya meya wa mji, Robert Davidson, na watu wa Aberdeen waliotoka pamoja naye wasirudi.

Davidson hakuwa askari kwa kazi. Alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo na mtoza ushuru wa bandari, na katika mwaka uliotangulia vita jina lake lilitajwa katika kesi za meli zilizonyang'anywa mali baharini. Watu wa namna hiyo tunawajua katika historia ya kila bandari, hata zetu. Lakini siku jeshi lilipokaribia mji wake alivaa chuma akatoka mbele ya wenzake, na inasimuliwa kwamba maiti yake ilirudishwa ikazikwa katika kanisa la Mtakatifu Nicholas, mjini. Mnara ni wake na wa watu wake. Wale wa upande wa pili, ambao waliokufa walikuwa wengi zaidi, mji haukuwajengea. Hatuulaumu, kila mji hulia wafu wake. Lakini aliyesimama pale huona kwamba nusu ya habari haimo katika mawe.

Dada yetu ana desturi moja: hakubali habari yoyote ya watu mpaka ajue nani kamzaa nani. Mwana wetu alipoanza kueleza kwamba vita vilikuwa baina ya watu wa milimani na visiwani, waliosema Kigaeli, na watu wa nchi tambarare, waliosema lugha ya Kiskoti, alimkatiza. "Hayo ya lugha baadaye. Walikuwa wakigombania nini, na walikuwa nani kwa nani?"

Basi mwana wetu akaokota vijiwe, akavipanga juu ya boneti ya gari, nasi tukainama kutazama.

Mfalme Robert wa Pili alitawala Uskoti kutoka mwaka wa 1371 hadi 1390, na alikuwa na watoto wengi. Watatu wanatutosha. Wa kwanza ni mwanawe aliyeitwa Robert kama yeye, mtawala wa Albany, ambaye wakati wa vita ndiye aliyekuwa kaimu wa mfalme. Mfalme mwenyewe, kijana James wa Kwanza, alikuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka wa 1406, wamemteka na hawajamwachia. Wa pili ni Alexander, mtu aliyeogopwa hata akaitwa Mbwamwitu wa Badenoch, yule aliyelichoma moto kanisa kuu la Elgin katika mwaka wa 1390. Wa tatu ni binti, Margaret, aliyeozwa kwa Bwana wa Visiwa, yaani mtawala wa visiwa na pwani za magharibi.

Margaret akamzaa Donald, naye akaurithi ubwana wa Visiwa. Donald ndiye aliyelileta jeshi Harlaw. Mbwamwitu naye alikuwa na mtoto wa nje ya ndoa, Alexander Stewart, ambaye alipata kuwa mwinyi wa Mar. Tunasema mwinyi kwa kukosa neno jingine la mtu anayerithi jimbo pamoja na cheo chake. Mwinyi wa Mar ndiye aliyesimama hapa kumzuia Donald. Kwa hiyo waliokabiliana juu ya paa hili la shayiri walikuwa mtoto wa dada na mtoto wa kaka, wote wawili wajukuu wa mfalme mmoja, na kaimu wa mfalme aliyeongoza mambo nyuma ya pazia alikuwa mjomba wa huyu na ami wa yule.

Dada yetu aliyatazama mawe bila ya kusema. Kisha akauliza, "Na mali?"

Mali ilikuwa jimbo la Ross, pana na lenye rutuba, lililoko kaskazini. Mwinyi wake, Alexander Leslie, alifariki mwaka wa 1402. Aliacha mjane, binti ya yule Albany. Aliacha mtoto mmoja wa kike, Euphemia, ambaye alikuwa bado mdogo. Na aliacha dada wa baba mmoja mama mmoja, Mariota, ambaye alikuwa mke wa Donald. Sheria ya nchi ilimpa binti kila kitu. Lakini binti alikuwa chini ya mkono wa Albany, babu yake mzaa mama, na ilionekana wazi kwamba ataingizwa utawani, na kwamba kabla ya kuingia ataiandika Ross kwa mjomba wake, John, mwinyi wa Buchan, mwana wa Albany. Donald akasema: mtu akiingia utawani amekufa kwa dunia, na aliyekufa hurithiwa na jamaa wa baba yake, na jamaa huyo ni shangazi yake, na shangazi huyo ni mke wangu. Albany hakusikia. Donald akakusanya merikebu.

Iko chembe nyingine ambayo mwana wetu aliiongeza kwa kicheko, lakini dada yetu hakucheka. Mama yake Mariota alipofiwa na baba yao aliolewa mara ya pili, na mume wa pili alikuwa huyo huyo Mbwamwitu. Kwa hiyo Mariota alikuwa mtoto wa kambo wa baba wa mwinyi wa Mar. Huyo mwinyi naye, aliyekuja kulinda haki ya urithi wa wengine, jimbo la Mar hakulirithi. Mwaka wa 1404 ngome ya Kildrummy ilitekwa kwa nguvu, naye akamwoa mjane aliyekuwa mwenye ngome na mwenye jimbo. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wakizungumza juu ya sheria.

"Walikuwa nyumba moja," alisema dada yetu.

Marehemu baba alimsomesha dada yetu faraidh yeye peke yake katika sisi, kwa sababu alikuwa na akili ya hesabu na sisi tulikuwa tukikimbilia mpira. Aliyaondoa mawe yote juu ya boneti, akabakisha manane. "Maiti kaacha mke, binti mmoja na dada wa baba na mama," alisema. "Baba na mama wamekwisha kufa?" Mwana wetu akajibu kwamba wote wawili walitangulia. "Basi ni mafungu manane. Mke ana thumni, moja. Binti ana nusu, manne. Kilichobaki ni cha dada, matatu." Akayatenga mawe kwa kidole, moja, manne, matatu, na kazi ikawa imekwisha kabla ya upepo kugeuka.

"Lakini cheo hakigawanyiki, Mama," alisema mwana wetu. "Jimbo lao lilikuwa la mtu mmoja."

"Najua," alijibu. "Mimi nasema habari ya vitu vinavyogawanyika."

Hapana aliyemtazama mwenzake. Yule wa ghorofa alikwenda upande mmoja wa mnara, yule wa ukuta akaenda upande wa pili, na mnara wenye pande sita ni mzuri sana kwa watu wawili wasiotaka kuonana.

Vita vyenyewe havichukui muda kusimulia, ingawa vilichukua mchana kutwa. Donald alivuka kutoka magharibi, akaishika ngome ya Dingwall huko Ross, akapita Inverness kwa moto, akateremka kupitia Moray akielekea Aberdeen. Wasimulizi wa zamani wanasema alikuwa na watu 10,000; wanahistoria wa leo wanaiona hesabu hiyo kuwa kubwa mno, lakini wanakubali kwamba walikuwa wengi kuliko wapinzani wao. Mwinyi wa Mar alikuwa na wachache: makabaila wa jirani na mashujaa wao waliovaa chuma, pamoja na watu wa mji. Watu wa Visiwa walivaa mavazi mepesi, wakapigana kwa panga na mashoka. Walisukumana juu ya ardhi hii siku ndefu ya Julai, na sisi tuliokuwa tumezingoja Magharibi za huko tulielewa vyema siku hiyo ilikuwa na urefu gani. Kwa nini watu waliita mahali hapa Harlaw Nyekundu haihitaji kuelezwa.

Katika majina yaliyobaki, mawili yametushika zaidi. Sir Alexander Irvine, bwana wa Drum, alikuwa upande wa Mar. Hector Maclean, bwana wa Duart, aliyepewa lakabu ya Hector Mwekundu wa Vita, alikuwa upande wa Donald. Inasimuliwa kwamba walitafutana katika msongamano, wakatambuana kwa alama za ngao, wakapigana wawili peke yao mpaka wakauana. Na inasimuliwa vilevile kwamba kwa muda mrefu baadaye, kila wakuu wa koo hizo mbili walipokutana, walibadilishana panga: wa Drum akaondoka na upanga wa Duart, wa Duart akaondoka na wa Drum. Hatujui kisa kingine cha vita ambacho waliofiwa walijitungia wenyewe adabu ya kukutana.

Jingine ni la Leslie wa Balquhain, kabaila wa jirani kabisa, ambaye mapokeo yanasema alipoteza wana sita kwa siku moja. Yule wa ukuta, aliyekuwa amezunguka, alizihesabu pande za mnara kwa kuzigusa. Zilikuwa sita. Ni sadfa tu. Mnara ni wa meya na si wa wana wa Leslie. Lakini alizihesabu mara ya pili.

Na nani aliyeshinda? Swali hili lilitoka kwa yule wa ghorofa, kutoka upande wa pili wa mawe, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuliposhuka garini. Mwana wetu alijibu kwamba usiku uliwatenganisha. Watu wa Mar walilala pale pale walipokuwa, baina ya maiti, hawana nguvu ya kurudi nyuma wala kwenda mbele, wakidhani kukicha wataanza tena. Kulipokucha walikuta uwanja hauna mtu: Donald alikuwa ameondoka gizani na jeshi lake kurudi magharibi. Aberdeen ilisalimika, na watu wake wakahesabu huo kuwa ushindi. Lakini waandishi wa Ireland, waliokuwa jamaa wa Wagaeli wa Visiwa kwa lugha na kwa damu, waliandika katika tarehe zao kwamba ushindi ulikuwa wa Donald. Waliokufa wanakadiriwa na wasimulizi wa zamani kuwa zaidi ya 900 kwa upande wake, na kama 600 kwa upande wa Mar. Pande mbili zilirudi nyumbani na ushindi, na hakuna hata moja iliyorudi na Ross.

Yaliyofuata ndiyo tuliyoyazungumza zaidi baadaye, kwa maana kwa maoni yetu yanazidi vita kwa uzito. Mwaka uliofuata Donald aliafikiana na Albany, akajisalimisha kwa maneno. Mwaka wa 1415 Euphemia aliiandika Ross kwa mjomba wake wa Buchan, kama ilivyotarajiwa. Buchan hakuifaidi sana: aliuawa mwaka wa 1424 huko Verneuil, Ufaransa, akipigana na Waingereza. Donald alikuwa amekwisha kufa. Na katika miaka ya 1430, Alexander, mwana wa Donald na Mariota, alikuwa akitambuliwa kuwa mwinyi wa Ross, bila ya mtu kufa Harlaw kwa mara ya pili. Kilichomwagiwa damu kilikuja chenyewe kwa subira ya mama na mwana. Kisha mjukuu, John, akajiingiza katika mapatano ya siri na mfalme wa Uingereza. Yalipofichuka akapokonywa Ross katika miaka ya 1470, na mwaka wa 1493 ukaondoka hata ubwana wa Visiwa. Leo cheo cha Bwana wa Visiwa ni miongoni mwa vyeo vya mrithi wa ufalme wa Uingereza. Hakuna tena Donald aliyeketi juu yake.

Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Tulitandaza mkeka wa plastiki uliokuwa ndani ya gari juu ya majani, mwana wetu akatuonyesha kibla, ambacho kutoka huko ni kusini-mashariki, na upepo ukawa unatupiga mgongoni. Kwa kawaida, nyumbani, sisi wawili huchagua misikiti tofauti, na katika miezi ya karibuni hata siku za Idi. Hapo palikuwa na mkeka mmoja. Mkubwa alitangulia, mdogo akasimama nyuma yake bega kwa bega na mwana wetu, na dada yetu nyuma yao. Tulisali kasri kwa kuwa tulikuwa safarini. Katikati ya sala tulisikia trekta likija njiani, kisha tukasikia injini ikizimwa. Tulipotoa salamu tulimwona mzee wa makamo, kofia mkononi, ameketi juu ya trekta lake anatungoja tumalize. Aliinua mkono, akawasha injini, akapita. Mwana wetu alituambia kwamba watu wa huko hawana maneno mengi.

Tulizunguka mnara mara moja zaidi, pamoja, kwa kuwa dada yetu alitaka picha na alikataa kupigwa peke yake. Picha hiyo tumeitazama mara nyingi tangu turejee. Dada yetu yuko katikati, ameshika ncha ya mtandio usipeperuke. Ndugu wawili wako kila upande, wanatazama kamera, si pengine popote. Na mawe nyuma yetu hayaonyeshi lolote.

Vijiwe vilikuwa bado viko juu ya boneti, moja, manne, matatu. Mwana wetu alitaka kuvipangusa, dada yetu akasema aviache vianguke vyenyewe. Vilianguka kwenye kona ya kwanza.

Njiani hapakuwa na mazungumzo mpaka tulipouvuka mto Urie. Hapo yule wa ghorofa, aliyekuwa mbele, alisema bila ya kugeuza shingo kwamba risiti za saruji, za mbao na za mafundi anazo zote, tangu ya kwanza, na kwamba iwapo kadhi atazihesabu kuwa deni juu ya marehemu, au zawadi kwa marehemu, au vyovyote vile, yeye ataridhia. Hakusema zaidi. Mashamba yalipita, kisha nyumba za kwanza za Inverurie, kisha reli. Tulikuwa tumekwisha kuingia barabara kuu yule wa ukuta alipouliza risiti hizo ziko wapi.

"Kwa mama. Katika kabati, ndani ya bahasha ya posta."

"Ile yenye hati ya nyumba?"

"Hiyo hiyo."

Mwana wetu, ambaye alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayefanya mtihani, alinyoosha kidole akawasha redio. Dada yetu akamwambia aizime.